Baiti 512 za Kwanza

Mwaka 1967 kampuni ya IBM iliwapa wahandisi wake wa San Jose, California, kazi iliyoonekana ya pembeni: watafute njia nafuu ya kuziwasha kompyuta kubwa za System/370 zilizokuwa zikiandaliwa. Mashine hizo zilihitaji kujazwa maagizo yake ya ndani kila zinapowashwa, kwa kuwa kumbukumbu yake ilipoteza kila kitu umeme ulipokatika. Utepe wa sumaku ulijaribiwa, haukufaa. Kundi lililoanza kazi chini ya Alan Shugart, huku David Noble akiwa ndiye mtendaji, likatoka na sahani laini ya plastiki yenye upana wa inchi 8, iliyopakwa sumaku na kuwekwa ndani ya mfuko. Ilianza kutumika 1971. Ilibeba kilobaiti 80 tu, na mteja hakuweza kuandika chochote juu yake. Kazi yake ilikuwa moja, nayo ni kuamsha mashine.

Hiyo ndiyo flopi. Vizazi vilivyofuata viliijua kama kitu cha kutunzia barua na hesabu za ofisi, lakini ilizaliwa kwa ajili ya kuwasha kompyuta, na historia ya flashi anayoichomeka mtu leo ili asakinishe Linux inaanzia pale San Jose. Katika historia hiyo vifaa vimebadilika mara nyingi. Kinachogombaniwa hakijabadilika: mashine inasoma nini kwanza, na nani ana ruhusa ya kukiandika.

IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, PC, tarehe 12 Agosti 1981, utaratibu wa kuwasha ulikuwa mfupi ajabu. Umeme ukiingia, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, BIOS, ilikagua kumbukumbu na kibodi, kisha ikaenda kwenye flopi na kusoma sekta ya kwanza peke yake. Sekta hiyo ni baiti 512, kiasi cha mistari sita au saba ya maandishi. BIOS ilizipeleka baiti hizo kwenye anwani moja ya kumbukumbu, 7C00, na hapo hapo ikazikabidhi mashine nzima. Baadaye ikawa kawaida sekta hiyo kuishia na alama mbili, 55 na AA. Zikionekana, BIOS iliridhika. Haikuuliza nani ameiandika sekta wala kwa nia gani.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Januari 1986 mjini Lahore, Pakistan, ambako ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kilichokuja kuitwa Brain. Kilikaa kwenye sekta ya kwanza ya flopi, kikaingia kwenye kumbukumbu kabla ya DOS, mfumo endeshi wa kompyuta hizo, na kikajinakili kwenye kila flopi iliyofuata. Ndani yake ndugu hao walikuwa wameandika majina yao, anwani na namba za simu. Walieleza kwamba walitaka kulinda programu yao dhidi ya wanaoinakili bila kulipa. Kirusi kilisambaa mabara kadhaa kwa miguu ya watu, flopi baada ya flopi.

Njia hiyo hiyo ndiyo aliyoipitia mwanafunzi wa Helsinki miaka mitano baadaye.

Linus Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386 Januari 1991, kwa malipo ya awamu, akaweka ndani yake Minix, mfumo mdogo ulioandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Tarehe 25 Agosti aliwatangazia watumiaji wenzake wa Minix kwamba anaandika mfumo endeshi wake, uliokuja kuitwa Linux. Septemba akatoa toleo la 0.01. Toleo hilo halikuweza kusimama lenyewe: ulihitaji Minix ili ulijenge na ulitumie, na Torvalds mwenyewe alikuwa akiishi humo, Minix upande mmoja wa diski na Linux upande wa pili.

Kilichomtoa ni bahati mbaya. Alitaka kompyuta ipige simu chuoni kupitia modemu, lakini katika kutaja kifaa akataja diski kuu. Amri za kupiga simu zikamwagwa juu ya sehemu iliyokuwa na Minix, na data ikaharibika. Angeweza kuisakinisha upya. Badala yake aliamua kwamba Linux imeshakomaa vya kutosha kumbeba. Watu wa Linux wangali wanafanya kosa la ukoo ule ule hadi leo, kama itakavyoonekana mbele.

Kuanzia mwishoni mwa 1991 Torvalds alitoa nakala za flopi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuwashia na ilibeba kiini cha mfumo. Ya pili ilibeba mafaili machache ya kuanzia kazi. Ulichomeka ya kwanza, ukasubiri, ukaambiwa uchomeke ya pili na ubonyeze kitufe. Kuhamia kwenye diski kuu ndiko kulikokuwa na jasho. Kiini kilikuwa kimeandikiwa kuyatafuta mafaili yake kwenye flopi, na taarifa hiyo ilikaa ndani ya sekta ya kwanza yenyewe. Aliyetaka kuibadilisha aliifungua sekta kwa programu ya kuhariri baiti moja moja, akahesabu hadi nafasi ya 508, akabadilisha baiti mbili ziwe namba ya diski yake, akairudisha sekta mahali pake. Nafasi mbili mbele ndipo zilipokaa 55 na AA. Aliyeteleza kidogo tu katika kuhesabu alibaki na flopi isiyowaka.

Hali hiyo isingeweza kudumu. Februari 1992 Owen Le Blanc wa kituo cha kompyuta cha Manchester, Uingereza, alitoa mkusanyiko wa Linux uliokuwa na programu ya kuusakinisha, na mwaka huo huo Peter MacDonald akatoa mkubwa zaidi, SLS. Mkusanyiko wa SLS ulikuwa na kasoro nyingi, na kasoro hizo zilizaa matunda mawili mwaka 1993. Patrick Volkerding, mwanafunzi wa Minnesota, aliirekebisha SLS na kutoa Slackware tarehe 16 Julai. Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, alichoka nayo na kutangaza Debian tarehe 16 Agosti. Zote mbili ziko hai hadi sasa.

Slackware ya kwanza ilikuja kwa flopi 24. Flopi ziligawanywa kwa herufi: A za mfumo wenyewe, N za mtandao, X za madirisha na picha. Mtu alipakua nakala zake mahali penye intaneti, mara nyingi chuoni, akaondoka na rundo la flopi. Nyingi zilitosha kuandikwa kama mafaili ya kawaida, lakini zile za kuwashia zilihitaji programu maalumu ya DOS iitwayo rawrite.

Kwa nini isitoshe kunakili tu? Hapa pana jambo ambalo wanaoanza wengi hukwama hadi leo, na linastahili kuelezwa polepole. Ukiburuta faili na kulidondosha ndani ya flopi au flashi, kompyuta hulipangia nafasi miongoni mwa mafaili mengine, popote palipo wazi. Sekta ya kwanza haiguswi. BIOS ikija kusoma, inakuta sekta ile ile ya zamani isiyojua chochote kuhusu Linux. Programu ya rawrite haikujali mafaili. Ilichukua nakala ya flopi na kuimimina kuanzia baiti ya kwanza kabisa hadi ya mwisho, megabaiti 1.44 zote, juu ya chochote kilichokuwapo. Hapo ndipo flopi ilipopata uwezo wa kuwasha.

CD ilikuja na nafasi ya megabaiti 650, sawa na flopi zaidi ya 400. Desemba 1992 Adam Richter wa Yggdrasil, kampuni ndogo ya California, alianza kutoa Linux ndani ya CD. Lakini BIOS za wakati huo hazikujua kuwasha kutoka kwenye CD, kwa hiyo mwenye CD bado alihitaji flopi ya kumfungulia njia. Ufumbuzi ulipatikana Januari 1995, pale Curtis Stevens wa kampuni ya Phoenix na Stan Merkin wa IBM walipotoa utaratibu walioupa jina la mgahawa wa Kimeksiko wa Irvine, California, walikoandikia mawazo yao: El Torito. Utaratibu huo uliruhusu nakala nzima ya flopi kufichwa ndani ya CD, na BIOS ikaisoma nakala hiyo ikiamini kwamba imechomekewa flopi halisi.

Mjerumani Klaus Knopper aliuchukua uwezo huo na kuufikisha mbali. Knoppix yake, iliyotoka kwanza mwaka 2000, haikuhitaji kusakinishwa. Ilibana takriban gigabaiti mbili za programu ndani ya CD moja, ikavitambua vifaa vya kompyuta yenyewe bila kuuliza maswali, ikafungua dawati kamili na kuiacha diski kuu kama ilivyokuwa. Mtu aliyeogopa Linux angeweza kuijaribu mchana kutwa, akazima, na Windows yake ikarudi kama kawaida. Mafundi waliipenda kwa sababu nyingine: kompyuta ambayo Windows yake imekufa ingeweza kuwashwa kwa Knoppix, na picha, barua na hesabu za mwenyewe zikaokolewa.

Wakati Knopper akichoma CD zake, kifaa kitakachozifukuza kilikuwa kimeshazaliwa. Fujio Masuoka wa Toshiba aliionyesha dunia kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, iliyo nafuu na yenye nafasi kubwa. Mlango wa USB ulitoka 1996. Kuviunganisha hivyo viwili kulidaiwa na wengi: M-Systems ya Israeli iliomba hataza Aprili 1999, Trek ya Singapore ikauza ThumbDrive mwaka 2000, na mahakama za nchi mbalimbali zikasikiliza madai yao kwa miaka. Mwishoni mwa 2000 IBM ilianza kuuza kifaa cha M-Systems Marekani. Kilibeba megabaiti 8, chini ya flopi sita.

Ilichukua miaka kadhaa flashi kuaminiwa kuwasha kompyuta. BIOS nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikujua flashi ni kitu gani. Nyingine ziliichukulia kama flopi, nyingine kama diski ya Zip, nyingine kama diski kuu, na flashi iliyowaka kwenye mashine hii iligoma kwenye ile. Hata ilipowaka, kulikuwa na mtego wa pili. BIOS ilipakia kiini cha Linux kutoka kwenye flashi, kisha kiini kikashika usukani, na kuanzia hapo BIOS haikuwa na kauli. Kiini kililazimika kuitafuta upya flashi ile ile kwa madereva yake chenyewe. USB hujitambulisha taratibu. Kiini kilifika, kikaangaza, hakikuona kitu, kikakata tamaa sekunde chache kabla ya flashi kujitokeza. Dawa ilikuwa kukiagiza kisubiri kidogo.

Waliotangulia kulimudu hilo vizuri ni wale wa Linux ndogo. Damn Small Linux ilijibana ndani ya megabaiti 50. Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ilijipakia yote ndani ya kumbukumbu, kiasi kwamba mtu aliweza kuichomoa flashi akaendelea na kazi. Kwa kompyuta chakavu zisizo na diski kuu, hiyo ilikuwa njia ya kuzirudisha kazini.

Afrika ina nafasi yake halali katika simulizi hii. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola, akasafiri kwenda angani Aprili 2002, na tarehe 20 Oktoba 2004 akatoa toleo la kwanza la Linux iitwayo Ubuntu. Kampuni yake, Canonical, ilikubali kumtumia CD bure yeyote aliyeomba, popote alipo, posta ikiwa imelipwa. Kwa nchi ambazo intaneti yake ilipitia satelaiti kwa bei ya kuumiza, bahasha hiyo ilikuwa na maana kuliko inavyoweza kufikirika Ulaya, ambako mtu angepakua megabaiti 700 kabla ya chakula cha jioni. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa aliweza kwa mara ya kwanza kuandika barua kwenye programu huria inayomsemesha kwa lugha yake.

Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM uliwashwa, ukipita baharini na kufika Mombasa na Dar es Salaam, na mingine ikafuata. Kupakua faili la ISO, ile nakala kamili ya CD, kukawa jambo linalowezekana, na likishapakuliwa mara moja lilihama kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Canonical ilisitisha CD za bure Aprili 2011.

Kufikia hapo CD zenyewe zilikuwa zinaondoka. Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya kioo cha inchi 7, yenye Linux ndani na isiyo na mahali pa kuingizia CD. Iliuzwa sana, na washindani wakaiga. Ghafla mamia ya maelfu ya watu walikuwa na kompyuta ambayo haingeweza kusakinishwa kitu ila kwa flashi, na Linux zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya CD.

Programu za kuvuka pengo hilo zilijaa mwaka 2007 na 2008. Geza Kovacs aliandika UNetbootin. Ubuntu na Linux nyingine, Fedora, zikatoa zao. Zilifanya kazi kwa kulifungua faili la ISO, kuyatoa mafaili yaliyomo, kuyaweka kwenye flashi, kisha kuandika sekta ya kuwashia inayoyajua. Mara nyingi zilifaulu. Zilipofeli, aliyezitumia aliambulia kioo cheusi chenye kistari kinachopepesa na hakuna ujumbe wa kumwelekeza.

Ufumbuzi uliotulia ulitoka kwa H. Peter Anvin, Mswidi aliyeishi California na ambaye tangu 1994 alikuwa akitunza Syslinux, programu ya kuwashia Linux kutoka kwenye flopi. Aliangalia muundo wa CD wenyewe. Kanuni ya ISO 9660 inaagiza kwamba sekta 16 za kwanza za CD, baiti 32,768, ziachwe bila kazi maalumu. Msomaji wa CD huziruka na kuanza kusoma sekta ya 16. Diski kuu na flashi, kinyume chake, huanza kusomwa baiti ya kwanza. Nafasi ambayo CD haiitazami ndiyo pekee ambayo BIOS huitazama kwenye flashi. Mwaka 2008 Syslinux ikaongezewa kifaa cha isohybrid, kinachoandika sekta ya kuwashia, pamoja na 55 na AA zake, ndani ya uwanja huo uliokuwa mtupu. Faili moja likawa CD na diski kwa wakati mmoja. Ukilichoma kwenye CD, linawaka kwa El Torito. Ukilimimina kwenye flashi, linawaka kwa utaratibu wa 1981.

Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Haikuomba kampuni yoyote ruhusa wala haikudai BIOS mpya. Debian iliitumia kwenye toleo lake la sita, Februari 2011, na mikusanyiko mingine mikubwa ya Linux ikafuata. Leo karibu kila Linux inayopakuliwa imejengwa kwa wazo hilo.

Matokeo yake, flashi ya Linux inaweza kutengenezwa kwa mstari mmoja. Amri ya dd imekuwamo ndani ya Unix tangu miaka ya 1970, na mtindo wake wa kuandikwa uliazimwa kutoka lugha ya kompyuta kubwa za IBM. Aliye ndani ya Linux huandika hivi:

dd if=debian.iso of=/dev/sdb bs=4M

Upande wa if ni kinakotoka, upande wa of ni kinakokwenda, na sdb ni flashi. Diski kuu ya kompyuta nyingi huitwa sda. Herufi moja tu inazitenganisha, na dd haiulizi kama una uhakika. Anayeandika a badala ya b anaimimina Debian juu ya mafaili yake ya miaka yote, kama Torvalds alivyoipigia simu diski yake. Ndiyo maana wazoefu huanza na amri ya lsblk, inayoorodhesha diski na ukubwa wake, wakatafuta ile ya gigabaiti 8 au 16 kabla ya kugusa chochote. Kuna tahadhari ya pili: Linux hutangaza kazi imekwisha wakati sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu, haijafika kwenye flashi. Amri ya sync huisukuma yote. Anayechomoa kwa haraka hupata flashi inayowaka hadi katikati na kufa.

Kwa walio ndani ya Windows, Pete Batard alitoa Rufus Desemba 2011, programu ndogo isiyohitaji kusakinishwa. Ikikutana na faili lenye isohybrid, huuliza kama uliandike kwa hali ya ISO au hali ya DD, na historia yote iliyosimuliwa hapa imo ndani ya swali hilo: kuyatoa mafaili na kuyapanga, au kumimina baiti kuanzia ya kwanza. Mwaka 2016 ikaja Etcher, iliyozificha diski kuu zisionekane kirahisi ili mtu asijiumize, na inayosoma upya ilichokiandika kuhakiki. Mwaka 2020 ikaja Ventoy. Hii hutengeneza flashi mara moja tu. Baada ya hapo unaweka mafaili ya ISO kwa kunakili kawaida, kumi hata ishirini, na flashi ikiwaka inakuonyesha orodha uchague. Kwa fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayepokea kompyuta za kila aina, flashi moja ya namna hiyo inabeba Windows za kupiga na Linux za kuokolea data pamoja.

Mwaka 2016, ule wa Etcher, ulikuwa pia na somo lake chungu. Tarehe 20 Februari wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kubadilisha kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 la Cinnamon. Waliopakua siku hiyo walipata Linux iliyowaka vizuri, ikasakinika vizuri, na kubeba ndani yake programu ya kuwafungulia wageni. Clement Lefebvre, kiongozi wa mradi, alitangaza hadharani mara walipogundua, akaeleza kwamba nakala bandia zilitoka kwenye seva iliyoko Sofia, Bulgaria. Kinga ilikuwepo: kila faili la ISO hutolewa na alama ya uhakiki, leo kwa kawaida ya SHA256, na baiti moja ikibadilika alama yote hubadilika. Aliyeilinganisha alama aliona kasoro. Wengi hawakuilinganisha, na hata leo hatua hiyo ya dakika moja ndiyo inayorukwa zaidi. Alama pekee nayo haitoshi kama imewekwa kwenye tovuti ile ile iliyovamiwa, kwa hiyo miradi makini huitia saini ya kidijitali.

Kufikia hapo sekta ya kwanza yenyewe ilikuwa imeshaanza kupoteza enzi yake. Intel ilikuwa imebuni mrithi wa BIOS, na tangu 2005 muungano wa makampuni ukaushika kwa jina la UEFI. Mrithi huyu anajua kusoma mafaili. Hatazami baiti 512. Anaingia kwenye flashi iliyoandaliwa kwa FAT, anatafuta folda ya EFI, ndani yake BOOT, ndani yake faili la BOOTX64.EFI, na kuliendesha. Hilo lilikuwa jambo la kupendeza. Lililoogopesha lilikuja Septemba 2011, ilipojulikana kwamba kompyuta zitakazouzwa na nembo ya Windows 8 zitawashwa Secure Boot: UEFI haitaendesha faili lisilo na saini inayotambulika, na ufunguo uliowekwa kwenye karibu kila ubao mama ulikuwa wa Microsoft.

BIOS ya 1981 haikumuuliza yeyote jina. UEFI ya 2012 iliuliza, na jibu lililokubalika lilitolewa na mshindani mkuu wa Linux. Matthew Garrett, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Red Hat, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga kelele, na baada ya kelele akakaa kutafuta njia. Microsoft ilithibitisha kwamba kwenye kompyuta za kawaida mwenye mashine ataweza kuizima Secure Boot, lakini Garrett aliona kwamba kumwambia mgeni wa Linux aanze kwa kuzima kinga ya kompyuta yake ni kumfukuza mlangoni. Akaandika programu ndogo iitwayo shim. Microsoft huitia saini shim. Shim hubeba ndani yake ufunguo wa Fedora, Ubuntu au Debian. Kwa ufunguo huo huikagua programu ya kuwashia, nayo hukikagua kiini. Ni sawa na mgeni anayefungua akaunti benki kwa barua ya serikali ya mtaa: benki haimjui yeye, inautambua muhuri wa aliyemwandikia. Ubuntu 12.10 ilitoka Oktoba 2012 ikiwa na uwezo wa kuwaka chini ya Secure Boot, na Fedora 18 ikafuata Januari 2013.

Mpango huo umefanya kazi, na bei yake inaonekana. Julai 2020 watafiti walionyesha udhaifu ndani ya GRUB, programu ya kuwashia inayotumiwa na Linux nyingi, uliomwezesha mvamizi kupita nyuma ya saini. Mikusanyiko mikubwa ya Linux ilitoa matoleo mapya, na shim ikawekewa orodha ya vizazi visivyoaminika tena. Agosti 2024 sasisho la Windows liliitumia orodha hiyo kwenye kompyuta za watu. Waliokuwa na Windows na Linux pamoja waliwasha mashine wakakuta upande wa Linux umekataliwa kwa ukiukaji wa usalama, na baadhi ya flashi zilizokuwa zikifanya kazi miaka yote zikagoma siku hiyo hiyo. Aliyejua aliingia kwenye mipangilio ya UEFI kwa F2 au Del, akaizima Secure Boot kwa muda, akaifuta kanuni mpya kwa amri moja ndani ya Linux, akairudisha. Asiyejua alidhani diski imekufa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi nzima zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazina. Mashine hizo, zikiwemo nyingi zinazouzwa kama mitumba Afrika Mashariki, bado zina nguvu ya kutosha kuendesha Linux kwa miaka mingine, na flashi ya gigabaiti 8 inatosha kuianza kazi. Faili la Ubuntu sasa linazidi gigabaiti 5. Kwa flopi za Volkerding ungehitaji zaidi ya 3,000.

Anayezihudumia ana jambo moja la kuangalia. Cheti cha Microsoft ambacho kimekuwa kikiidhinisha shim kilitolewa 2011 na kikomo chake ni Juni 2026. Nafasi yake inachukuliwa na kingine cha 2023. Shim za zamani zinaendelea kuwaka, lakini zinazotiwa saini kwa cheti kipya peke yake hazitatambuliwa na ubao mama usiokuwa nacho. Baadhi ya watengenezaji wamekitoa kupitia sasisho la UEFI. Kwa kompyuta zenye umri wa miaka kumi sasisho hilo mara nyingi halipo. Mwenye mashine ya namna hiyo atabaki na njia mbili: aingie kwenye mipangilio na kukiongeza cheti mwenyewe pale ubao mama unaporuhusu, au azime Secure Boot na kuichomeka flashi.